Wilbur Wright: fundi wa baiskeli aliyeitafutia ndege ugonjwa wake

Kijana anayeunda ndege yake ya kwanza ya rimoti karibu kila mara hukutana na mambo yaleyale. Amekata mabawa kwenye lile povu jeupe linalokuja na televisheni, ameweka mota na betri, amekwenda uwanja wa mpira jioni upepo ukiwa umetulia. Anairusha. Ndege inanyanyua pua, inasita hewani kidogo, kisha inaangukia bawa moja. Anairudisha nyumbani, anaibandika kwa gundi, anatafuta mota yenye nguvu zaidi. Inaanguka tena, na safari hii kishindo ni kikubwa zaidi.

Makosa haya ni ya zamani sana. Karibu yote yalimpata Wilbur Wright wa Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tofauti ni kwamba yeye hakuwa amesimama uwanjani na rimoti mkononi. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya ndege yenyewe.

Wengi wanamfahamu pamoja na mdogo wake Orville kwa sababu ya siku moja, 17 Desemba 1903, ndege yao ya injini ilipobeba mtu kwa mara ya kwanza na kurudi chini salama. Habari ya siku hiyo imesimuliwa mno. Makala hii inaangalia zaidi miaka minne kabla yake na miwili baada yake, ambapo kazi ya Wilbur ilikuwa kuuliza, siku baada ya siku, kwa nini ndege haifanyi kile alichokusudia.

Mtoto wa askofu

Wilbur alizaliwa 16 Aprili 1867 karibu na kijiji cha Millville, jimbo la Indiana. Orville alimfuata mwaka 1871, wakati familia ikiishi Dayton, Ohio. Baba yao, Milton Wright, alikuwa mhubiri, baadaye akawa askofu. Mama yao Susan ndiye aliyekuwa na mkono wa ufundi. Alitengeneza vifaa vya nyumbani na vya kuchezea watoto, na wanawe walipokwama na kitu walimwendea yeye, si baba.

Mwaka 1878 baba alirudi safarini na zawadi: kidude cha karatasi, mianzi na kizibo, chenye mpira uliosokotwa. Ukiachia, mpira unajisokotoa, panga zinazunguka, kidude kinapaa mpaka darini. Kiliundwa kwa kufuata kazi ya Mfaransa Alphonse Pénaud. Watoto walikirusha mpaka kikavunjika, wakaunda vingine. Halafu wakajaribu kuunda kikubwa zaidi, na kikubwa zaidi, na kadiri walivyoongeza ukubwa ndivyo vilivyokataa kuruka. Hawakujua sababu wakati ule. Sababu ni kwamba ukikifanya kitu kiwe mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake haupandi mara mbili bali hukaribia mara nane. Kijana anayeona ndege ya sentimita 60 ikiruka vizuri, akaamua kuunda ya mita 2 kwa mota ileile, atafika palepale walipofika watoto wa askofu.

Wilbur alikuwa mwanafunzi hodari na familia ilizungumzia kumpeleka Chuo Kikuu cha Yale. Kisha, katika majira ya baridi ya 1885 kuingia 1886, akiwa kwenye mchezo wa magongo juu ya barafu, alipigwa gongo usoni akapoteza meno ya mbele. Jeraha lilipona lakini yeye mwenyewe alibadilika. Alijifungia nyumbani karibu miaka mitatu, akimuuguza mama yake aliyekuwa na kifua kikuu na kusoma vitabu vya baba yake. Mama alifariki mwaka 1889. Chuo hakukuwa na chuo tena. Wilbur hakuoa, na yeye na Orville hawakuwahi kupata cheti cha kumaliza sekondari.

Ndugu hao walianza na kiwanda kidogo cha uchapaji, na mwaka 1892 wakafungua duka la kuuza na kutengeneza baiskeli. Ni baiskeli iliyolipia ndege. Hawakupewa fedha na serikali wala tajiri yeyote.

Kwa nini baiskeli ilikuwa shule nzuri

Agosti 1896 habari zilifika kutoka Ujerumani kwamba Otto Lilienthal, mtu aliyekuwa ameruka kwa mabawa yasiyo na injini karibu mara 2,000, ameanguka na kufa. Upepo uliinua pua ya chombo chake, kikapoteza nguvu ya kunyanyua, kikashuka kutoka kimo cha mita 15 hivi. Lilienthal alikuwa akiongoza kwa kurusha miguu na kiwiliwili huku na huku ili kuhamisha uzito. Siku hiyo haikutosha.

Watafiti wengi wa wakati ule waliamini ndege inapaswa kutulia yenyewe kama mashua kwenye maji matulivu, na kwamba kinachokosekana ni injini kali. Wilbur aliona tofauti, na nadhani hapa ndipo ufundi wake wa baiskeli ulipomsaidia. Baiskeli haitulii yenyewe. Iache, inaanguka. Anayeiweka wima ni mpandaji, kwa kusahihisha kidogokidogo bila hata kufikiri. Kwa hiyo swali lake la kwanza halikuwa atapata wapi nguvu. Alitaka kujua ndege inaongozwaje.

Mei 1899 aliiandikia Taasisi ya Smithsonian akiomba maandishi yote yaliyokuwepo kuhusu kuruka. Miezi michache baadaye, akiwa dukani ameshika boksi tupu la tyubu ya baiskeli, alilipinda kwa vidole akaona upande mmoja unainuka na mwingine unashuka. Akawaza kwamba mabawa yanaweza kupindwa vivyo hivyo kwa kamba: bawa moja linyanyue zaidi, jingine pungufu, na ndege ilale upande autakao. Kabla ya kuhatarisha mwili wake aliunda tiara yenye upana wa mita 1.5, akaifunga kamba nne na vijiti viwili, akaijaribu akiwa amesimama chini. Iliitika.

Mchanga wa Kitty Hawk

Septemba 1900 alikwenda Kitty Hawk, ufukwe wa North Carolina, mahali penye upepo mwingi na mchanga laini wa kuangukia. Ndege yake ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye upana wa mita 5 hivi, bila injini wala mkia. Sehemu ya kupandisha na kushusha pua ilikuwa mbele. Muda mwingi hakuipanda. Aliirusha kama tiara, akiivuta kwa kamba, akiipakia minyororo badala ya mtu, akiandika kamba imevuta kwa nguvu gani. Jumla ya muda aliokaa hewani mwenyewe mwaka ule ni dakika 2 hivi. Ndege iliachwa pale mchangani, na mke wa mwenyeji wao akashona magauni ya binti zake kwa kitambaa cha mabawa.

Mwaka 1901 walirudi na ndege kubwa zaidi, yenye mabawa ya karibu mita 7. Walitegemea mambo yatakuwa mazuri, yakawa mabaya. Ilinyanyua theluthi moja tu ya hesabu ilivyosema. Pua ilipanda na kushuka bila kutulia; ilibidi wapunguze mbinuko wa mabawa palepale kambini kwa kuongeza vijiti na waya. Na jambo la kushangaza kuliko yote: mara nyingine Wilbur alipinda mabawa ili ageukie upande mmoja, ndege ikaelekeza pua upande wa pili.

Alirudi nyumbani amevunjika moyo, akimwambia Orville kwamba binadamu hataruka wakati wao wangali hai. Mtu mwingine angenunua injini kubwa. Mwingine angerudi kwenye biashara ya baiskeli na kuacha mambo ya ndege kabisa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Sanduku la upepo

Wilbur alirudi kwenye hesabu. Namba alizotumia kupanga ukubwa wa mabawa alizipata kwa waliomtangulia: majedwali ya Lilienthal, na namba moja ya shinikizo la hewa iliyotumiwa na wahandisi kwa zaidi ya miaka 100 bila kuhojiwa sana. Huenda kosa halikuwa kwenye ndege. Huenda lilikuwa kwenye kitabu.

Kwanza walifunga gurudumu la tatu juu ya baiskeli, likilala kama sahani, na juu yake kibao cha bapa na kipande kidogo cha bawa, kisha wakaendesha kwa kasi barabarani kuona kipi kinashinda kipi. Jibu lilitosha kuwapa shaka. Ndipo, mwishoni mwa 1901, wakaunda sanduku la mbao lenye urefu wa mita 1.8, wazi pande zote mbili, feni upande mmoja. Ndani waliweka mizani waliyoitengeneza kwa mabapa ya msumeno wa chuma na waya wa spoku za baiskeli. Walijaribu vipande vya mabawa vya maumbo mbalimbali yanayokaribia 200: vifupi vinene, virefu vyembamba, vilivyopinda sana, vilivyopinda kidogo.

Majibu yalionyesha kwamba ile namba ya zamani ilikuwa kubwa mno, imezidi kwa karibu nusu ya thamani yake halisi. Majedwali ya Lilienthal hayakuwa mabaya kama walivyodhani. Na bawa refu jembamba lilinyanyua vizuri kuliko fupi nene lenye eneo lilelile. Kazi hii ilichukua wiki chache tu, ndani ya duka, katika miezi ambayo wateja wa baiskeli ni wachache. Kwa maoni yangu ndiyo wiki muhimu kuliko zote katika maisha ya Wilbur, hata kupita ile ya Desemba 1903.

Ndege ya 1902, yenye mabawa ya mita 9.8, ilinyanyua kama hesabu ilivyosema. Safari hii waliiwekea mkia wa wima, usiosogea, ili kuzuia lile tatizo la pua kugeukia upande usiotakiwa. Ukazaa tatizo jipya. Ndege ikilala upande, mara nyingine iliteleza kuelekea bawa la chini, upepo ukaupiga ule mkia kwa ubavu, na badala ya kunyooka ndege ikazidi kuzunguka mpaka bawa likachimba mchanga. Walilitania tatizo hilo kuwa ni kuchimba kisima.

Usiku wa kuamkia 3 Oktoba Orville alikuwa amekunywa kahawa nyingi akakosa usingizi. Asubuhi alipendekeza mkia usogee. Wilbur alifikiri kidogo akaongeza jambo: kamba za mkia zifungwe pamoja na zile za kupinda mabawa, ili mtu afanye tendo moja na vyote viitike. Ndani ya wiki chache waliruka mamia ya mara, mruko mrefu ukiwa sekunde 26. Kila ndege inayopita juu ya nyumba yako leo inaongozwa kwa namna hiyo tatu: kulala upande, kupandisha au kushusha pua, na kugeuza pua kulia au kushoto.

Kwa anayeunda ndege ya rimoti, kuna la kuchukua hapa kabla ya kufika kwenye mota. Wilbur alijaribu ndege yake bila injini kwa miaka mitatu. Wewe unaweza kutumia nusu saa: irushe kwa mkono kwenye majani marefu, mota ikiwa imezimwa, ukiwa umeielekeza kwenye upepo, pua ikiwa imeinama kidogo sana. Ikiteleza moja kwa moja na kutua, ndiyo uwashe mota. Ikivuta kulia kila mara, chungulia kwa nyuma uone kama bawa moja limepinda. Badilisha kitu kimoja tu, kisha rusha tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua ni dawa ipi iliyoiponya.

Sekunde tatu na nusu

Injini ilitengenezwa dukani kwao na fundi wao Charlie Taylor kwa wiki kama sita, ikiwa na nguvu za farasi 12 hivi. Pangaboi walizichonga wenyewe kwa mbao, wakizihesabu kama mabawa yanayozunguka, na minyororo ya kuzizungusha ilikuwa ya aina ya baiskeli. Kisha Kitty Hawk, vuli ya 1903, vikaanza vipuri kukataa. Vyuma vinavyoshika pangaboi vilipasuka, vikarudishwa Dayton kutengenezwa upya. Magurudumu ya meno yalilegea kila injini ilipowashwa, mpaka walipoyamiminia ile gundi ngumu ya kubandikia matairi ya baiskeli. Vyuma vikapasuka tena, na Orville akasafiri mwenyewe kwenda kutengeneza vingine vya chuma kisicho na uwazi ndani.

Tarehe 14 Desemba walirusha sarafu juu, Wilbur akashinda. Ndege iliondoka kwenye reli, naye akainua pua kupita kiasi. Ikapanda haraka, ikapungua kasi, ikasimama, ikashuka mchangani. Sekunde tatu na nusu. Kwa hiyo kosa la kijana yule wa uwanja wa mpira ndilo hasa alilolifanya Wilbur Wright siku ya kwanza ya ndege ya injini, baada ya miaka minne ya kazi. Nguvu haikukosekana, na ndege haikuwa na kasoro. Mkono wa mwongozaji uliomba mwinuko ambao kasi ilikuwa bado haijaulipia.

Walitengeneza vilivyovunjika. Tarehe 17, kwenye upepo mkali na baridi, zamu ikiwa ya Orville, ndege iliruka sekunde 12, mita 36 hivi. Siku hiyo waliruka mara nne, na ya mwisho, ya Wilbur, ilikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Muda mfupi baadaye upepo uliipindua ndege ikiwa chini na kuivunja. Haikuruka tena.

Kilo 32 za chuma

Ndege ya 1903 iliweza kuruka lakini haikuwa inaongozeka vizuri. Kwa miaka miwili iliyofuata walifanya kazi kwenye malisho ya ng'ombe ya Huffman Prairie, nje ya Dayton, na majirani walizoea kuwaona wakiokota vipande. Pua iliendelea kucheza juu na chini kama punda asiyetaka mzigo. Sababu kubwa ilikuwa uzito kukaa nyuma mno. Mwaka 1904 walifunga chuma cha karibu kilo 32 mbele, na ndege ikatulia kiasi. Septemba mwaka ule Wilbur aliweza kuzunguka duara kamili kwa mara ya kwanza.

Fikiria hilo: watu waliohangaika kupunguza kila gramu, wanaongeza chuma kisichofanya kazi yoyote isipokuwa kuwa kizito mahali panapofaa. Ndege ya rimoti iliyo nzito mkiani hufanya vivyo hivyo, hupanda, husimama, huanguka, hupanda tena. Inyanyue kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo hadi theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukiinama, sogeza betri mbele. Mara nyingi dawa ni hiyo tu, na haina gharama.

Mwaka 1905, baada ya Orville kuanguka vibaya mwezi Julai, waliunda upya sehemu ya mbele: kubwa zaidi, na mbali zaidi kutoka kwenye mabawa. Mkia nao ukatenganishwa na kamba za mabawa. Likabaki tatizo moja. Kwenye kona kali, bawa la ndani lilishuka na likakataa kuinuka. Mwishoni mwa Septemba Orville alikuwa akizunguka mti wenye miiba, ndege ikaanza kushuka kuuelekea. Akashusha pua ili atue, na ghafla ndege ikanyooka, ikapita ikiwa imechana tawi la mti. Ndipo walipoelewa kwamba ndege inayokata kona inahitaji kasi zaidi ya inayokwenda moja kwa moja, na kwamba dawa ni kushusha pua, jambo ambalo mkono wa mtu mwenye hofu haupendi. Wiki moja baadaye, 5 Oktoba 1905, Wilbur aliruka dakika 39 akizunguka malisho yale, umbali wa kilomita 38 hivi. Alitua kwa sababu mafuta yalikwisha.

Ufaransa, na simu ya Septemba

Dunia haikuamini mpaka 8 Agosti 1908, kwenye uwanja wa mbio za farasi karibu na Le Mans, Ufaransa. Makasha ya ndege yalikuwa yamefika na vipande vilivyovunjika, na Wilbur alitumia wiki nyingi kuitengeneza, akiungua mkono kwa maji ya moto ya injini katikati ya kazi. Watazamaji walilalamika kwamba anachelewa. Hakuharakishwa. Siku ilipofika aliruka chini ya dakika 2, akageuka mara mbili kwa ulaini ambao marubani wa Ufaransa hawakuwahi kuuona, na mabishano yakaisha.

Tarehe 18 Septemba ilifika simu ya maandishi kutoka Marekani. Pangaboi ya ndege ya Orville ilikuwa imepasuka hewani huko Fort Myer na kukata waya wa mkia. Orville alivunjika mguu na mbavu. Abiria wake, Luteni Thomas Selfridge wa jeshi, alikufa, akiwa mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege ya injini. Wilbur alijilaumu kwamba hakuwepo. Aliamini angekuwepo, huenda kasoro ingeonekana mapema. Siku chache baadaye aliruka tena, zaidi ya saa moja na nusu.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya kuruka sana. Alizunguka mahakamani na kwa mawakili kutetea hati ya uvumbuzi wao dhidi ya waundaji wengine, kazi iliyomchosha na ambayo, naona, ilimnyima dunia miaka mizuri ya akili yake. Aprili na Mei 1912 alishikwa na homa ya matumbo. Alifariki nyumbani Dayton 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45.

Orville aliishi hadi Januari 1948. Ndege ya 1903 ilikuwa imepelekwa kwenye jumba la makumbusho London mwaka 1928, kwa sababu ya ugomvi kati ya Orville na Smithsonian kuhusu nani aliunda ndege ya kwanza yenye uwezo wa kuruka. Ilirudishwa Washington na kuoneshwa huko 17 Desemba 1948, na bado ipo.